Siri Iko Kwenye Mpini

Nyie wa mjini, mkimwona mcheza Bugobogobo huku Bariadi anarusha jembe, linazunguka hewani kisha analidaka, msidhani ni dawa tu. Kuna ufundi hapo! Mpini wangu niliupunguza, nikaupiga msasa, halafu nikalilaza jembe kidoleni mpaka likatulia. Pale lilipotulia, karibu na chuma, nikapaka rangi nyekundu: jembe lote huzunguka, pale hapayumbi, jicho linapafuata. Mkiani nikazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, jasho lisiniponze. Mjomba kaleta dawa ya mvuto, nikapokea. Mjomba humkatalii, bwana! Ila Bagika na Bagalu wakishindana, ngoma mbili hupigwa pamoja, mshindi mwenye watu wengi. Jembe likidondoka, watazamaji wanahamia upande wa pili. Pamba ikishauzwa, tunakutana nao.