Mama Mkubwa na Jembe Lake

Sisi walimu wa dini twapenda kusema juu ya amri ya nne. Mimi nilihitaji kufundishwa amri hiyo na mjane.

Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka Dominika ya nne ya mwezi wa Julai kuwa siku ya mababu na wazee. Nikaifundisha jumuiya yetu hapa Kalemie kwa maneno mengi. Nyumbani kwangu alikuwamo mama mkubwa, niliyemtoa kijijini, upande wa Moba. Nilimpa kitanda, blanketi, bukari na ndagala kila siku, nikajiona mtoto mwema.

Lakini alikonda. Alikaa ukutani kutwa, kimya. Wageni walipofika aliwakazia macho bila kuwasalimu, nao jirani wakaanza kunong'ona. Mwajua neno linalosemwa juu ya mwanamke mzee wa namna hiyo. Nami, naungama, usiku mmoja nilihamisha kitanda cha mtoto wangu mbali na chumba chake.

Mganga wa macho ndiye aliyetuaibisha. Ni mtoto wa jicho, akasema, pande zote mbili. Lenzi ya jicho huingia ukungu pole pole kwa uzee. Hapana dawa ya kunywa wala ya kutia. Hupasuliwa, ikatolewa, ikawekwa nyingine ya kutengenezwa, na kazi yenyewe haifiki saa moja. Kumbe hakutusalimu kwa kuwa hakujua ni nani aliyesimama mbele yake!

Alipofunguliwa kitambaa akanitazama sana. «Mwanangu, umeanza mvi.»

Nikadhani mambo yamekwisha. Juma chache baadaye akaomba jembe. Mke wangu akakataa, akiogopa watu watasema twamtumikisha. Mzee akajibu: «Tangu nifike humu, hakuna aliyeniomba kitu.»

Neno hilo lilinichoma. Ni kweli, fedha ni shida kubwa: wazee wetu wengi walilima na kuvua, hawakuandikwa kazini popote, basi hawana pensheni. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 49, yawaahidi ulinzi, lakini karatasi hainunui dawa. Hata hivyo mama mkubwa alishiba kwangu, naye alikuwa akifa.

Sasa ana matuta ya viazi na lengalenga nyuma ya nyumba. Watoto humfuata, hujifunza Kitabwa nisichowafundisha mimi. Kitanda kile kimerudi karibu na chumba chake. Jana alinigombeza mbele ya watu kwa kukanyaga tuta.