Sampo Haikuwa na Kosa



Sampo ni bakuli la bati lililofungwa chini kabisa ya injini ya gari. Oili yote inayozunguka kulainisha vyuma hurudi humo, kisha pampu huivuta tena kupitia chujio na kuipandisha juu. Kwa kuwa sampo ipo chini, kila kinachovuja juu yake huishia kwake. Gari likidondosha oili, mtu akainama na kuona sampo imelowa, hukumu hutolewa hapo hapo: sampo inavuja, ipakwe silikoni. Gari moja ninalolijua lilihukumiwa hivyo mara tatu.

Gari hilo ni Suzuki Carry ya Baba, ile ambayo ndugu zetu wa bara huiita kirikuu. Baba hubebea watu mizigo kutoka soko la Mwanakwerekwe: viazi, mkaa, vitanda vya maharusi, na mara nyingine jeneza. Ndilo linalomsomesha mdogo wangu wa kike, na ndilo lililonipeleka bandarini na sanduku langu siku nilipokwenda seminari. Mimi ni kifungua mimba na mtoto pekee wa kiume. Ndugu mafrateri mlio katika hali hiyo mnayajua maswali ambayo majirani huwauliza wazazi wetu, na mnajua pia kwamba wazazi hawatuambii yote waliyoulizwa.

Niliporudi likizo nilimkuta Baba anaongeza oili kila siku ya tatu. Gereji aliyozoea kwenda ilikuwa imefungua sampo mara tatu ndani ya miezi minne. Kila mara walipaka silikoni mpya juu ya ile ya zamani na kukaza bolti kwa nguvu zote, na kila mara alilipa. Mwishowe wakamwambia injini imekufa, atafute nyingine. Bei waliyoitaja ilizidi ada ya mdogo wangu ya mwaka mzima.

"Labda niliuze kama lilivyo," Baba alisema usiku ule, akiitazama sahani yake. Mama hakujibu. Mimi nilikuwa tayari nimeanza kichwani barua ya kumwomba Baba Gombera mwaka mmoja wa kukaa nyumbani.

Jumamosi asubuhi jirani akatuelekeza kwa mzee mmoja huko Ng'ambo, nyuma ya majumba ya Michenzani. Kwa wasomaji wa bara: Ng'ambo ni upande wa pili wa mji wetu. Zamani mkono wa bahari uliingia ndani ukautenga Mji Mkongwe na makazi ya wafanyakazi, mafundi na watu waliotoka utumwani. Maji yale yalishafukiwa, barabara inapita juu yake, lakini jina limebaki. Wageni hupiga picha milango ya Mji Mkongwe. Ukitaka kitu kitengenezwe, unavuka.

Gereji ya yule mzee ni kivuli cha mwembe, mabati matatu na sanduku la spana. Nilimpa shikamoo, akaitika, akamsikiliza Baba hadi mwisho. Hakuinama. Alisema tu, "Kwanza likaogeshwe."

Tukaisugua injini kwa brashi na petroli, ikiwa imepoa, mpaka chuma kikaonekana. Ikakauka. Kisha mzee akatoa mfukoni kopo la poda ya watoto. Baba alinitazama, nami nikamtazama Baba. Akainyunyiza poda injini nzima, juu, ubavuni na chini, akatuambia tuwashe na kuiacha ingurume dakika ishirini. Katika gari hili injini ipo chini ya viti, basi alipoinua kiti na kumulika tochi, sote watatu tulikiona: mstari mweusi mwembamba ukishuka juu ya poda nyeupe, ukianzia kwenye kava la juu kwa nyuma, ukipita ubavuni na kwenda kujilaza kwenye ukingo wa sampo.

"Uani kukijaa maji usiilaumu sakafu, bwana," alimwambia Baba. "Tizama paa."

Gasketi ya kava, ambayo ni mpira tu, ilikuwa imekaukiana kwa joto la miaka hata ikakatika mkononi kama ganda la muhogo. Hakuishia hapo. Alichomoa bomba la pumzi ya injini, akalionyesha: limeziba kwa masizi. Injini isiyopumua hujaa mvuke ndani, na mvuke huisukuma oili itokee popote palipo dhaifu. Ubadilishe gasketi bila kuzibua bomba, alisema, utarudi kwangu baada ya mwezi, na mimi nitakula pesa yako tena.

Katika darasa la metafizikia tumefundishwa kwamba Aristotle, mwanzoni kabisa mwa kitabu chake, anamtenga mtu mwenye uzoefu na mtu mwenye sanaa. Wa kwanza anajua kwamba jambo liko hivi. Wa pili anajua kwa nini. Lakini hapo hapo anaongeza jambo ambalo mitihani yetu hulipita haraka: kwamba mara nyingi mwenye uzoefu hufanikiwa kuliko mwenye maelezo matupu, kwa sababu tabibu hamponyi binadamu kwa jumla, humponya mtu huyu, mwenye jina lake. Wale mafundi wa kwanza walikuwa na uzoefu mwingi wa sampo. Hata silikoni yao ilikuwa nzuri. Walichokosa ni lile swali la pili, na bila hilo uzoefu wao ulizidi kuligharimu gari.

Na uliligharimu kweli. Mzee alisema sampo nayo lazima ifunguliwe, si kwa sababu ilivuja, ila aone kilichofanyika humo. Alimwaga oili kwenye beseni, ambayo haikufika hata lita mbili. Hairuhusu hata tone liingie mchangani, maana kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe na maji tunayokunywa yanatoka chini ya mawe hayo hayo. Oili chafu huwapa maseremala wapake mbao dhidi ya mchwa. Akafungua bolti, akaibandua sampo polepole. Ndani, kwenye wavu wa chujio ambapo pampu huvutia oili, zilikuwa zimenasa nyama za silikoni, laini, za kijivu. Silikoni ikipakwa nyingi, inayozidi husukumwa ndani pia, hukatika na kuelea. Karibu nusu ya wavu ilikuwa imezibwa.

"Dawa ya nne ingeiua," alisema. Injini iliyoambiwa imekufa ilikuwa inakabwa koo.

Kazi iliyobaki sikuwahi kuiona ikifanywa kwa utulivu ule. Alikwangua silikoni ya zamani kwa kipande cha mbao ngumu, si kwa bisibisi, ili asikwaruze uso wa injini. Bolti zilizokazwa kupita kiasi zilikuwa zimelibonyeza bati kuzunguka matundu. Akalilaza ukingo wake juu ya ubao ulionyooka, akaligonga kwa nyundo ndogo mpaka likawa sawa. Akafuta pande zote mbili kwa kitambaa na petroli safi hadi kitambaa kikatoka cheupe.

Halafu akaketi. Nilimuuliza kama kuna kinachokosekana. Akasema adhana ya Alasiri i karibu, na silikoni ikishatoka kwenye mrija huna ruhusa ya kuondoka. Dakika chache tu huota ngozi na haishiki tena. Akaenda msikitini. Sisi tukamngoja chini ya mwembe, na hapo ndipo Baba aliposema, bila kunigeukia, "Usije ukarudi nyumbani kwa ajili ya gari." Sijui Mama alimwambia nini. Mimi sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu barua.

Aliporudi, mzee alichora mstari mmoja wa silikoni usiokatika, milimita tatu au nne, ukipita upande wa ndani wa kila tundu la bolti. Akainua sampo moja kwa moja bila kuiburuza. Bolti zote alizianza kwa vidole, kisha kwa spana fupi namba 10, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kupishanisha, raundi tatu. Alikaza kwa kifundo cha mkono, hakutumia bega. "Silikoni inaziba ikiwa imekaa," alisema, "si ikiwa imekamuliwa."

Baba alikuwa na mzigo wa jioni ile. Mzee alikataa kulitoa gari. Oili haitiwi mpaka kesho, alisema, silikoni haijui shida za mtu. Baba akampigia simu mteja wake, akaupoteza mzigo. Wakati tunanawa mikono kwa sabuni ya unga, mzee akaniuliza falsafa tunaisoma miaka mingapi. Nikamjibu mitatu.

"Na mwisho wake mnatengeneza nini?"

Baba alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu nifike.

Jumapili tulikwenda Misa kwa daladala. Wamisionari waliofika Unguja mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion walifungua, pamoja na kikanisa, hospitali na karakana. Nililiwaza hilo nilipopiga magoti Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu, nikiwa bado na weusi chini ya kucha. Barua sikuiandika.

Jumla ya malipo, pamoja na gasketi, silikoni na oili mpya, haikufika sehemu ya kumi ya bei ya ile injini nyingine. Baba hulaza boksi chini ya gari kila usiku na kulitazama alfajiri. Siku tunazoruhusiwa simu, mdogo wangu hunitumia picha ya boksi hilo. Majuzi ilikuja yenye doa moja la kahawia, nikampigia haraka.

"Hiyo chai ya Baba," akasema. "Anainama nayo."