Mvua za Kwanza na Pepa za Novemba

Kwetu Kakonko, mkoani Kigoma, Novemba ikifika hakuna mwenye nguvu anayebaki nyumbani. Mvua zimeshaanza, ardhi imelainika, maharage na mahindi yanatakiwa yaingie udongoni, na anayechelewa wiki mbili ataona tofauti wakati wa kuvuna. Na ni Novemba hiyohiyo ambapo Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huwakalisha watoto wa kidato cha nne madawatini kwa muda wa wiki tatu hivi. Kalenda hizo mbili, ya shamba na ya mtihani, zinagongana kila mwaka, na kila mwaka sisi tulio ughaibuni tunatuma hela ya tuisheni kana kwamba shamba halipo.

Naishi Leicester, Uingereza. Mei iliyopita binti yangu alifanya mitihani ya GCSE, iliyo kama kidato cha nne cha huku, na Novemba hii mtoto wa kaka yangu, anayesoma shule ya kata si mbali na Mtendeli, anafanya mtihani wa kidato cha nne. Wote wana miaka kumi na sita. Mmoja nimemwona akijiandaa nyumbani kwangu, mwingine namfuatilia kwa simu, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyoamini kwamba msaada mkubwa ambao mzazi wa nyanda za juu za Kigoma anaweza kumpa mtoto wake kabla ya mtihani ni saa za mchana. Vitabu vina nafasi yake, na walimu wa ziada pia. Lakini mtoto asiye na mchana wake hana pa kuviweka vyote hivyo.

Nianze na huku. Mitihani ya GCSE inafanyika Mei na Juni, na maandalizi yake yanamwingia mzazi mapema sana. Tangu Septemba shule ilianza kutuandikia: tarehe za mock, ratiba ya kila somo, vitabu vya kununua, tovuti za kutembelea. Tuliitwa shuleni jioni moja, tukapita kwa mwalimu mmoja baada ya mwingine, dakika tano kwa kila mmoja, na kila mmoja alituambia binti yetu amesimama wapi na anatakiwa kufika wapi. England wanatoa alama za namba tangu mwaka 2017, kuanzia 9 iliyo juu hadi 1, na 4 ndiyo inayohesabiwa kuwa mtu amefaulu. Mitihani ya miaka iliyopita ipo mtandaoni bure kwenye tovuti za bodi kama AQA, pamoja na mwongozo wa kusahihisha na ripoti ya wasahihishaji. BBC nao wana Bitesize, masomo ya kujisomea yaliyoanza mwaka 1998. Shule ilitusisitizia hata usingizi: mtoto alale kwa muda wa saa nane au zaidi, simu ibaki nje ya chumba.

Hilo la usingizi lilinigusa, kwa sababu sisi tulilelewa kwenye sifa ya kukesha. Aliyepiga msuli hadi alfajiri, miguu ndani ya beseni la maji baridi ili asisinzie, ndiye aliyeitwa mwanafunzi. Wengi wetu tuliingia kwenye pepa la hesabu na macho mekundu tukidhani ni ushujaa. Kama kuna kitu kimoja cha huku ambacho ningependa kila mzazi wa Kakonko akichukue leo bila kulipa senti, ni kumwamuru mtoto alale.

Lakini huku kuna upweke ambao sikuutarajia. Binti yangu alijiandaa peke yake, chumbani, mlango umefungwa. Jirani hakujua kama ana mtihani. Kazi yangu ilikuwa kusimamia ratiba, kupika, kumuuliza maswali kutoka kwenye kadi zake, na kuvumilia ukimya wake. Mzigo wote ulikuwa juu ya watu watatu ndani ya nyumba moja. Na huku akiteleza ana pa kushikia: asiyepata 4 katika Kiingereza au hisabati anaendelea kuyasoma masomo hayo huku akiendelea na chuo, na sheria ya England inamtaka kila kijana awe kwenye masomo au mafunzo hadi atimize miaka 18. Pepa moja baya halifungi njia.

Nyumbani linafunga, au angalau ndivyo kila mtu anavyoliogopa. Divisheni wani ni pointi 7 hadi 17, divisheni foo ni 26 hadi 33, na kuanzia 34 ni sifuri. Waliokuwa watu wazima Februari 2013 wanakumbuka matokeo ya kidato cha nne cha mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata sifuri, nchi nzima imeduwaa, mpaka serikali ikayafuta na kuamuru yapangwe upya. Nyumba za vijijini zilibaki na kovu. Mzazi aliyeuza mbuzi akaletewa sifuri hakusahau, na nadhani ndiyo maana baadhi yao bado wanasita wanapoambiwa mtoto aachiwe muda wa kusoma wakati wa kupanda. Wanauliza, kwa haki kabisa: nikikosa maharage na yeye akakosa divisheni, tutakula nini?

Hapa ndipo ninapotaka kusema juu ya kambi. Wasomaji wa Tanzania wanajua namaanisha nini: kambi ya kitaaluma, wale watoto wa darasa la saba au kidato cha nne wanaolala shuleni wiki kadhaa kabla ya mtihani, magodoro yamepangwa darasani, walimu wanapokezana jioni, wazazi wanaleta chakula. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 na imewaingiza maelfu ya watoto shuleni, lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki kuwa jukumu la mzazi. Kwa hiyo kambi inasimama kwa debe la mahindi, maharage, kuni, chumvi, mafuta ya kula, na wakati mwingine akina mama wenyewe wanapika kwa zamu.

Wapo wanaoikosoa kambi, kwamba inachosha watoto na kwamba ni kukaririshana usiku kucha. Kuna ukweli ndani yake. Mimi naitetea, na sababu yangu haihusu hata vipindi vya jioni. Mtoto aliye kambini hatumwi. Hakuna atakayemwita aende kisimani, hakuna atakayemwambia ampeleke mdogo wake zahanati, hakuna atakayemwamsha saa kumi na moja alfajiri ashike jembe kabla ya kutembea kilomita nyingi kwenda shule. Kwa msichana faida ni kubwa zaidi, maana kazi zake za nyumbani hazina msimu, na njia ndefu ya jioni ina hatari zake. Kambi inafanya kile ambacho barua zote za shule ya binti yangu zilikuwa zikiniomba nikifanye nyumbani: kumwondolea mtoto mambo mengine yote.

Tatizo ni lile debe. Septemba hadi Novemba ndiyo miezi ambayo ghala la mkulima mdogo limekauka. Mavuno ya msimu uliopita yamekwisha au yameuzwa, mapya yapo mbali, na bei ya mahindi imepanda. Shule inamwomba mzazi nafaka wakati ambao hana, na pia inamchukua mtu mmoja wa kulima wakati anaomhitaji kuliko wakati mwingine wowote. Mwenye ng'ombe wawili atavuka. Mama mjane mwenye eka moja atamrudisha mtoto nyumbani, atakuwa wa kutwa, na jioni atapiga msuli akiwa na matope miguuni.

Jambo hili la saa za mchana nimelikuta hata kwa watu ambao hawakuwa na shamba. Mtendeli wengi wanaijua kama kambi ya wakimbizi. Ilifunguliwa upya Januari 2016 kuwapokea Warundi waliokimbia machafuko yaliyoanza Aprili 2015, wakati Nyarugusu, iliyopo Kasulu tangu 1996 na Wakongo wake, ilipokuwa imefurika. Nilipokwenda nyumbani mwaka 2017 nilimsindikiza mama kuuza ndizi kwa Warundi, na kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana, mama hakuhitaji mkalimani. Watoto wa kambini walisoma mtaala wa Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa, wengine chini ya miti kwa sababu madarasa hayakutosha. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgawo hadi asilimia 62 ya kiwango kamili.

Mama mmoja Mrundi aliyenunua ndizi zetu alimweleza mama yangu kwamba binti yake mkubwa ana mtihani wa taifa, na kwamba tangu mwezi uliopita haendi tena kutafuta kuni. "Naenda mimi," alisema kwa Kirundi, akijigusa kifua. Kwenda kuni kwa mwanamke wa kambini ilikuwa safari ndefu na yenye hofu. Hakuwa na tuisheni ya kumpa mtoto, hakuwa na taa ya uhakika, hata chakula kilikuwa cha kupimiwa. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kubeba kuni badala yake, akambebea. Kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021 na watu wake wakahamishiwa Nduta, wilaya ya Kibondo. Sijui yule binti alipata nini katika mtihani ule, ila mama yake ndiye mzazi ninayemkumbuka kila ninapoulizwa huku jinsi ya kumsaidia mtoto.

Kuna hoja nyingine ninayoisikia sana kwa wazazi wa kwetu: "Mimi darasa la saba, nitamsaidia nini mtu anayesoma kemia kwa Kiingereza?" Ugumu huo ni wa kweli. Mtoto wa Muha anaongea Kiha nyumbani, anasoma msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakutana na kila kitu kwa Kiingereza. Baba akifungua daftari haelewi hata kichwa cha habari. Lakini halazimiki kulielewa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio yao kwa wanafunzi: waliosoma andiko tena na tena walikumbuka vizuri dakika tano baadaye, lakini baada ya wiki waliokuwa wamefunika andiko na kujilazimisha kulikumbuka waliwaacha mbali. Kujipima kunajenga kumbukumbu kuliko kurudia kusoma.

Hilo baba wa darasa la saba analiweza. Ashike daftari lililofungwa, aseme, "Haya, nieleze kwa Kiha damu inazunguka vipi mwilini." Mtoto atakwama, atatafuta maneno, atachora chini kwa kijiti. Akiweza kumweleza baba kwa Kiha, ameelewa, na Kiingereza cha kuandikia kitafuata. Asipoweza, wote wawili watajua pa kurudia. Kaka yangu amelianza zoezi hili jioni baada ya chakula, na ameniambia kwa furaha kwamba sasa anajua kwa nini udongo wa shamba la mlimani unachukuliwa na maji.

Na karatasi zipo. NECTA wanaweka kwenye tovuti yao mitihani iliyopita, na pia uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, unaoonyesha swali lipi liliwashinda wengi na kwa nini. Ni kitu kilekile ambacho binti yangu alikitumia huku, na ni bure. Shule nyingi za vijijini hazina mashine ya kuchapa wala bando la kupakulia. Mtu aliye Leicester, Toronto au Muscat anaweza kulipia stationari ya Kakonko mjini ichape nakala za darasa zima kwa hela ambayo hapa hainunui hata chakula cha mchana cha familia.

Nimalizie na hela, maana ndilo nililokusudia kulisema tangu mwanzo. Huku watoto wanafanya sherehe yao baada ya mtihani, mwishoni mwa Juni au Julai. Nyumbani mahafali ya kidato cha nne yanatangulia mtihani. Septemba na Oktoba simu zetu zinajaa: keki, suti, mpiga picha, muziki, zawadi. Tunatuma, na tunatuma kwa upendo. Kisha mvua inanyesha, na yule kijana aliyevishwa mashada Jumamosi, Jumatatu yuko shambani kwa sababu hela yote iliishia kwenye sherehe.

Mwaka huu nilipomuuliza kaka anahitaji nini, alisema, "Dada, ya tuisheni tumepata, Mungu akubariki. Lakini shamba la bondeni sina mtu." Basi tumekubaliana, mimi na ndugu zangu wawili walio nje, kwamba mchango wetu wa mahafali tunaugawa. Sehemu ndogo inabaki kwenye sherehe, kwa sababu kijana anastahili kupigiwa vigelegele na mama yake anastahili kumwona akipigiwa. Sehemu kubwa inalipa vibarua wa kulima na kupanda eka mbili kuanzia mvua ya kwanza, na debe la mahindi la kambi tumelinunua Julai, bei ikiwa chini, limehifadhiwa kwa kaka pamoja na la jirani yake mjane ambaye binti yake yuko darasa moja na mtoto wetu. Vibarua wameshapatikana. Kaka amewalipa nusu, nusu nyingine wataipata shamba likikamilika, na kijana anaingia kambini Jumapili.