Siku Tisa Mezani Kwangu

Nilijiandikisha kozi ya misingi ya usimamizi wa miradi kwa sababu ya cheo, sitaki kuwadanganya. Mimi ni mtu wa fasihi. Digrii yangu ni ya Kiswahili, kazi yangu ni kuhariri vitabu kwenye kampuni moja ya uchapaji hapa Dar es Salaam, na kitu chochote chenye jedwali kilikuwa kinaniletea usingizi. Lakini kampuni ilitangaza nafasi ya msimamizi wa kazi za uchapaji, na sharti lilikuwa cheti. Basi nikawa nakwenda darasani jioni, mara tatu kwa wiki, halafu nagombania daladala saa tatu usiku.

Wiki za mwanzo zilikuwa maneno matupu. Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, inayozaa kitu ambacho hakikuwapo. Kuuza madaftari dukani kila siku si mradi. Kufungua duka la pili ni mradi. Wadau, hati ya mradi, bajeti, muda. Niliandika yote kama mwanafunzi mwema na sikushika hata moja.

Kilichoniamsha ni historia. Wengi mmeshaiona chati ya Gantt, ile yenye mistari ya kulala inayoonesha kazi gani inaanza lini na kuisha lini. Imebeba jina la Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyefariki mwaka 1919. Kumbe Mpolandi mmoja, Karol Adamiecki, alishabuni chati ya namna hiyo mwaka 1896, ila dunia ikamjua Gantt, kwa sababu mwenzake aliandika kwa lugha ambayo wakubwa hawakuisoma. Sisi tunaoandika Kiswahili hatuhitaji kuelezewa zaidi.

Halafu tukafika mwaka 1957. Kampuni ya kemikali ya DuPont ilitaka kujua namna ya kupanga ujenzi na matengenezo ya viwanda vyake. Kiwanda kikifungwa kila siku ni hasara, lakini ukihimiza watu waharakishe kila kitu unalipa saa za ziada bure. Morgan Walker wa DuPont na James Kelley wa Remington Rand wakaja na hesabu yao. Orodhesha kazi zote, kila moja na siku zake, onesha ipi lazima isubiri ipi, kisha tafuta mnyororo mrefu kuliko yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwalimu wetu aliuita njia kuu. Kazi iliyo kwenye njia hiyo ikichelewa siku moja, mradi mzima umechelewa siku moja. Iliyo nje yake ina nafasi ya kupumua. Inaweza kuchelewa kidogo na isimuumize mtu.

Zoezi likawa: chukua mradi mmoja mliowahi kuufanya kazini, uuchore.

Nikachagua kitabu cha hadithi cha shule za msingi, nakala 4,000, tulichokabidhi siku tisa baada ya ahadi. Mteja alikata malipo. Fundi wetu wa mashine, mzee aliyekaa pale miaka mingi kuliko meneja mwenyewe, hakuongezewa mkataba, kwa sababu kila mtu alijua kilichotuchelewesha: mashine iliharibika rola ikasimama siku tano. Hata mimi nilisema hivyo kwenye kikao.

Nikachora. Kuhariri siku 12, kupanga kurasa 8, kusoma prufu 4, pleti 2, kuchapa 9, kujalidi 6. Jumla 41. Michoro ya msanii siku 10, inakwenda sambamba na uhariri, kwa hiyo ina siku mbili za kupumua. Halafu nikatoa tarehe halisi kwenye barua pepe za zamani. Mashine ilikufa asubuhi ya siku ya 22, ikapona jioni ya siku ya 26. Kwa mpango wetu wenyewe, kuchapa kulitakiwa kuanza siku ya 27.

Nikahesabu tena, safari hii kwa vidole. Mashine haikutuchelewesha hata saa moja. Prufu, zilizopewa siku 4, zilikaa siku 13. Na prufu zilikuwa mezani kwangu.

Nazikumbuka siku zile. Nilikuwa namalizia hadithi fupi ya kupeleka kwenye shindano. Prufu nilizigusa usiku usiku, ukurasa mmoja mmoja, nabishana na mkato nusu saa nzima na kujiona makini. Hadithi haikushinda. Mashine ikiharibika, bwana, jengo zima linajua: vyuma vinagongwa, meneja anashuka ngazi, watu wanasimama kuangalia. Prufu zikilala mezani hazipigi kelele.

Mwalimu alinipa 18 kati ya 20. Mbili alizikata kwa sababu sikuonesha karatasi iliagizwa lini.

Nikamtafuta mzee. Siku hizi anatengeneza cherehani kwenye kibaraza kimoja Buguruni. Nikamwamkia, nikakaa juu ya ndoo, nikamfunulia mchoro. Aliufuata kwa kidole chenye grisi, kisanduku baada ya kisanduku, bila haraka.

"Nilijua, mwanangu," akasema. "Mashine ilipona, nikaitia mafuta, nikakaa siku tisa nangoja pleti."

"Sasa mbona hukusema, mzee?"

"Kikao si mlikaa nyinyi wa ofisini?"

Kwenye kozi kuna hatua ya kufunga mradi, ambapo mnawaita wote walioufanya mnaandika kilichokwenda vizuri na kilichoharibika. Sisi tuliita watu wa ghorofa ya juu tu.

Mchoro nikaupeleka kwa meneja. Aliutazama, akaniuliza nataka afanye nini, mambo si yameshapita. Nikamwambia angalau mzee aandikiwe barua ya kumsafisha, na aitwe tena msimu wa vitabu vya shule ukianza. Akasema niandike rasimu. Nikaandika, ukurasa mmoja, na prufu nikaisoma siku hiyo hiyo.

Cheti nimepata, na ile nafasi wamenipa mimi. Rasimu iko mezani kwake. Leo ni siku ya 18.