Siku tatu Kilwa na simu ya binamu

Leo naomba tuachane na siasa kidogo tuzungumzie simu. Najua mtasema zimeshachambuliwa na kila mtu, lakini wachambuzi wengi hukaa vyumba vyenye kiyoyozi huko London na New York. Mimi nataka kuwaambia inakuwaje simu ya bei mbaya ikiletwa Kilwa Masoko, saa saba mchana, jua la utosi.

Simu yenyewe ni Samsung Galaxy S24 Ultra, ile iliyotoka Januari 2024. Wameshatoa nyingine baada yake, lakini hii ndiyo aliyokuja nayo binamu yangu kutoka Muscat alipokuja harusini Kivinje. Anataka kubadilisha, kwa hiyo kanipa siku tatu niitumie, nikiipenda nimpe milioni moja na laki nane. Ilipotoka iliuzwa dola 1,299 kule Marekani. Kwa mwandishi anayelipwa kwa habari iliyochapishwa, hizo laki nane peke yake zinakunyima usingizi.

Umbo nalipita haraka. Ni bapa, kingo za titani, gramu 232, ukiiweka mfuko wa shati basi shati linalala upande mmoja. Ina kinga ya maji ya IP68, yaani mita moja na nusu kwa dakika 30, ila maji yasiyo na chumvi, na wenyeji wake wanasema si ya kuchezea ufukweni. Sasa Kilwa bila ufukwe ni Kilwa gani? Kwenye mashua ya kwenda Kisiwani niliifunga kwenye mfuko wa nailoni (msiniulize nimeupata wapi) kama wavuvi wanavyofunga za kwao.

Kioo ndicho kilichonimaliza. Katikati ya maji nahodha alikuwa ameikinga simu yake kwa kiganja asome ujumbe, haoni kitu. Akachungulia yangu.

"Mwanangu, hiyo umeipaka nini?"

Sikuipaka kitu, mzee. Mwanga wake unafika niti 2,600, na kioo kimetengenezwa kupunguza mng'ao wa jua, kwa hiyo huoni sura yako mwenyewe bali unachosoma. Nilikaa nje ya Gereza, hakuna kivuli, nikaandika habari nzima pale pale. Kwa sisi wa pwani hilo ni jambo kubwa kuliko kamera zote nne za nyuma.

Kamera nazo, jamani. Kutoka baharini nilivuta mara tano ukuta wa Gereza, upande ulioliwa na mawimbi, nikaona mpaka matumbawe ndani ya chokaa. Magofu haya na ya Songo Mnara yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, bahari ikiwa mojawapo ya sababu. Kwa hiyo ufa hapa ni habari. (Picha za megapikseli 200 niliziacha, intaneti ya huku haizibebi. 12 zinatosha gazeti.)

Wasiwasi wangu uko hapo hapo. Mwaka 2023 watu walibishana sana kuhusu simu za ukoo huu kuongeza madoadoa ya mwezi ambayo lenzi haikuyaona. Nililinganisha picha zangu na ukuta, ufa mmoja mmoja, hakuna uliozidi wala kupungua. Kisha nikaiagiza iondoe dumu la njano lililokuwa mbele ya Msikiti Mkuu. Ikaliondoa, ikapanda nyasi na mawe yanayofanana kabisa na ya pale, mawe ambayo hayajawahi kuwepo. Inaacha alama ndogo pembeni, lakini alama hiyo mhariri mwenye haraka anaikata bila hata kuiona. Msikiti alioufikia Ibn Battuta mwaka 1331 unafanyiwa ukarabati na kidole kimoja! Kitu hicho sitakigusa tena kazini.

Betri ni mAh 5,000. Niliitoa kwenye chaji saa kumi na mbili asubuhi, nikapiga picha, nikarekodi mahojiano, nikaandika. Saa tatu usiku ilikuwa na asilimia 31. Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar–Lindi pale Somanga, simu niliyonayo mpaka leo ilizima saa nane mchana, abiria wamekwama pande zote mbili na mimi nanukuu kwa kalamu ya kuazima. Picha sikuwa nayo hata moja.

Halafu hii imeahidiwa masasisho ya programu kwa miaka saba, yaani mpaka 2031.

Jana nikampigia binamu.

"Kaka, naichukua, ila kwa awamu tatu."

"Mdogo wangu, mimi naondoka Jumatano. Nipe nusu kabla sijapanda basi, nusu utamkabidhi mama."

Mpaka naandika haya nina laki sita na nusu.