Katibu wa Kitochi

Naomba kutoa ushuhuda, ingawa huu hauna pepo aliyekemewa wala mguu uliorefuka. Ni ushuhuda wa simu. Mimi ni mkulima wa miwa huku Kidatu, upande wa Msolwa, na ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa nje, yaani sisi wenye ekari zetu wenyewe ambao muwa wetu huishia kwenye mizani ya kiwanda. Kwa misimu kadhaa sasa simu ninayotembea nayo ni kitochi. Ina vitufe, ina tochi kichwani, na kwa muda mrefu ilikuwa na WhatsApp. Wenzangu kwenye kamati wote wana simu za tachi. Mwenyekiti amezoea kunitambulisha kwa wageni: "Huyu ndiye katibu wetu, mama wa kitochi." Wageni hucheka, mimi huendelea kuandika.

Siyo kwamba sikuwahi kuwa na tachi. Ya kwanza ililetwa na kaka yangu kutoka Kariakoo, ikanipendeza sana, mpaka ulipofika Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipozima simu feki nchi nzima. Wengi mnakumbuka: unabonyeza *#06#, unapata namba ya utambulisho wa simu, unaituma kwenda 15090, halafu unasubiri hukumu. Yangu ilihukumiwa. Nikanunua nyingine, halali, yenye risiti, na ni hiyo halali ndiyo iliyonishinda.

Kwa asiyejua kazi ya miwa, nieleze kidogo. Kiwanda hufungua mwanzoni mwa kiangazi, mvua za masika zikishakatika, na husaga hadi masika mengine yakikaribia. Shamba likipata kibali huchomwa kwanza, majani makavu yaishe na nyoka wakimbie, ndipo genge la wakataji liingie. Moto ukishapita, saa zinaanza kuhesabika. Muwa uliochomwa ukilala shambani siku mbili tatu, sukari yake inashuka, na mkulima halipwi kwa tani peke yake, analipwa pia kwa sukari iliyomo. Kwa hiyo kabla kiberiti hakijawashwa, katibu awe ameshaongea na mnyapara wa genge, dereva wa mashine ya kupakia, wenye matrekta, na mkulima jirani ambaye muwa wake bado mchanga na hataki cheche. Akikosekana mmoja wao hewani, muwa wa mtu unalala chini.

Sasa chukua kidole chenye masizi na jasho, kiweke juu ya kioo cha tachi saa saba mchana. Simu haikitambui. Unafuta kidole kwenye khanga, khanga nayo ina masizi. Unajaribu tena, inampigia mtu mwingine, shemeji yako wa Mang'ula ambaye hamjasemezana tangu msiba. Jua nalo linapiga kioo hadi unaona uso wako badala ya majina. Na hapo chaji imeshafika robo, kwa sababu simu imekuwa ikitafuta mtandao tangu alfajiri chini ya milima ya Udzungwa, ambako mnara mmoja unakuona, hatua kumi mbele haukuoni.

Kuhusu chaji nina neno. Sisi ni watu wa Kidatu. Mitambo ya umeme iko humu humu, imefukiwa ndani ya mwamba, ilianza kuzalisha mwaka 1975, na ilipokamilika ikawa na uwezo wa megawati 204. Nyaya zake zinapita juu ya vichwa vyetu kuelekea Morogoro na Dar es Salaam. Na mimi nimewahi kusimama chini ya nyaya hizo hizo, simu imezima mkononi, naulizia kibanda cha kuchajia kwa shilingi mia tatu. Kijana mwenye kibanda alikuwa na paneli ya sola.

Kitochi chenye intaneti nilikisikia mwaka 2019, Vodacom walipoanza kuuza kile walichokiita Smart Kitochi kwa bei ya chini ya shilingi 50,000. Mfumo unaoendesha simu za namna hiyo unaitwa KaiOS, na una ukoo wake. Mozilla, wale wa Firefox, walijaribu kuwa na mfumo wao wa simu, wakaanza kuuza simu zake mwaka 2013, na baada ya miaka michache wakaachana nao. Kazi yao ikaokotwa na kampuni nyingine, ikapunguzwa, ikaingizwa kwenye simu za vitufe. Huko India mfumo huo ulienea kupitia JioPhone tangu 2017. Mwaka 2018 Google wakawekeza humo dola milioni 22, na Julai 2019 WhatsApp ikapatikana kwenye duka la programu la simu hizo. Yaani mabaki ya jaribio lililoshindikana kwa matajiri yakafika kwa wakata miwa. Mimi napenda vitu vya aina hiyo.

Nilinunua cha kwangu nikiwa na nia ya kukitumia shambani tu, tachi ibaki nyumbani. Baada ya muda tachi ikawa haitoki tena. Vitufe havijali masizi. Kidole gumba changu kinajua ilipo tano bila macho, kwa hiyo naweza kupiga huku nikimtazama dereva anayetaka kupitisha trekta kwenye mfereji. Chaji hukaa siku kadhaa. Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 simu za kamati zilizima moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza mwenyekiti aliomba kuazima cha kwangu, kwa sauti ya chini, pembeni.

Lakini hayo ni mambo ya mkononi, na yangeishia hapo nisingeita watu kusikiliza. Kilichobadilika zaidi ni ofisi.

Kundi letu la WhatsApp lilikuwa kama makundi mengine. Ratiba ya uchomaji inatumwa asubuhi, saa mbili baadaye imefunikwa na video ya mchungaji, picha za maua za kutakiana Jumatatu njema, na hotuba ya mbunge iliyorekodiwa kwa mbali. Kwenye tachi mtu huvumilia, anateleza kwa kidole anapita. Kwenye kitochi huwezi. Nafasi ya kuhifadhi ni ndogo, video tatu nzito tu simu inaanza kusitasita. Nikawa nafuta kila jioni, mpaka nikachoka, nikapeleka hoja kwenye kamati: kundi la kazi lisiwe na video wala salamu za picha. Wanaotaka hayo wafungue kundi lao. Walilifungua, na linachangamka sana, sina neno.

Kuandika kwa vitufe nako ni kazi. Herufi "s" unabonyeza mara nne. Katibu aliyekuwa akituma matangazo marefu yenye "ndugu wanachama mnakumbushwa kwamba" akajikuta anaandika: "Shamba la bibi wa Nyandeo. Moto leo saa 12 jioni. Genge la pili. Trekta alfajiri." Palipohitaji maelezo niliacha ujumbe wa sauti. Wazee wetu, ambao wengi hawapendi kusoma maandishi madogo na wengine hawakupata shule, wakaanza kujibu kwa sauti nao. Mzee mmoja aliyekuwa hasemi kitu kwenye kundi tangu aingizwe aliniambia, "Binti yangu, kumbe na mimi naweza kuhudhuria mkutano nikiwa kitandani." Siku hizi ndiye mwenye malalamiko mengi kuliko wote, na mengi ni ya kweli.

Halafu nikaanza kuhesabu kitu ambacho nilipokuwa na tachi hakikunisumbua: nani hayumo kabisa kwenye kundi. Walikuwa wengi. Wana viswaswadu vya kupiga na kupokea, au wana simu nzuri isiyo na bando. Hao ratiba iliwafikia kwa uvumi. M-Pesa yao inafanya kazi vizuri kwa *150*00#, namba zao za mbolea ya ruzuku wanazipata kwenye simu hizo hizo, benki inawatumia ujumbe pesa ikiingia. Ni chama chao tu kilichokuwa kinaongea nao kwa chombo wasichokuwa nacho. Sikuambiwa na mtaalamu wa maendeleo. Nilijikuta mwenyewe ngazi moja tu juu yao, nikawaona.

Nisijifanye kitochi kilikuwa mkombozi. Kamera yake ni aibu. Moto wa jirani uliporuka barabara na kula kipande cha shamba la mwanachama, nilikwenda kupiga picha kwa ajili ya madai, na nilichopata ni ukungu mweusi wenye doa. Ikabidi nimwite mwanangu aje na simu yake. Risiti za mizani zikipigwa picha hazisomeki. Taarifa ndefu zinazotumwa kama faili hazifunguki, au zinafunguka kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Huduma ya benki ya kwenye programu haimo. Na kuna jambo la heshima, tusilifiche: kuna ofisi nimeingia, nikatoa kitochi kuangalia saa, na nikaona namna mhudumu alivyobadilisha sauti. Mume wangu hili linamuudhi kuliko linavyoniudhi mimi. Anasema watu watadhani hanitunzi.

Mwaka 2024 zikaja habari nyingine. Kuanzia Juni WhatsApp haikupakuliwa tena kwenye simu za KaiOS, na wale tuliokuwa nayo tayari tukaelezwa kwamba ingefanya kazi hadi mwanzoni mwa 2025 tu. Sina ugomvi na mtu, programu ni ya wenyewe. Lakini ilinifundisha kuangalia simu kwa jicho jingine. Kitochi changu hakikuharibika. Betri nzima, vitufe vizima, tochi inamulika hadi ng'ambo ya mfereji. Kilichoondoka kilikuwa hakikai ndani yake tangu mwanzo.

Watu walidhani sasa katibu atarudi kwenye tachi. Nimerudi nusu. Ile tachi ya zamani ipo nyumbani juu ya kabati, inaunganishwa jioni, nasoma faili, najibu yanayohitaji picha, naizima. Kundi la WhatsApp analisimamia kijana wetu, karani wa mizani, ambaye anaishi humo hata hivyo. Mimi nimeshika ujumbe mfupi wa kawaida. Nina daftari lenye namba za wanachama wote, wa tachi na wa kiswaswadu, zimepangwa kwa kitongoji, na kifurushi cha ujumbe mfupi ni rahisi kuliko bando la intaneti. Tangazo la moto linatoka kwangu kwanza, ndipo karani analibandika kwenye kundi. Zamani ilikuwa kinyume chake. Msimu uliofuata wazee wa Sanje hawakunifuata hata mara moja kulalamika kwamba muwa wao umechomwa bila wao kujua. Walilalamikia mengine.

Kwa sasa mimi na mwenyekiti tuna mvutano. Anataka chama kinunue simu kubwa ya ofisi, akabidhiwe katibu, ili "tuendane na wakati." Fedha zipo. Mimi nimesema simu ya kamera nzuri inunuliwe, lakini apewe karani, kwa sababu yeye ndiye anayesimama pale risiti zinapotoka na pale mkulima anapodhulumiwa kilo. Kwangu waninunulie betri ya akiba na kifurushi cha ujumbe cha msimu mzima. Mwenyekiti anasema nakidhalilisha cheo. Mkutano mkuu ni kabla kiwanda hakijafungua, na hoja yangu iko kwenye ajenda, namba nne, baada ya mbolea.