Ziwa Moja, Majina Matatu: Dada wa Mbamba Bay na Websaiti Isiyoonekana

Kuna dada mmoja wa Mbinga ambaye Instagram wanamjua vizuri. Picha zake za machweo pale Mbamba Bay, mitumbwi, miamba na maji ya Ziwa Nyasa, zinapigwa laiki hadi na watu wa Dar ambao hawajawahi kufika hata Songea. Sifa anazo. Wageni wa kulala, hana.

Na vyumba vipo. Vinne, vimejengwa kwa hela ya kahawa ya familia na mkopo wa kikoba cha mama yake. Websaiti nayo ipo, alimlipa kijana mmoja akamtengenezea, ikapendeza kweli. Miezi mitano ikapita simu haijaita, na marejesho ya kikoba hayasubiri mtu.

Binamu yake anayesoma Dodoma ndiye aliyemwambia afanye jaribio dogo: aandike kwenye Google neno "site:" halafu anwani ya websaiti yake bila kuacha nafasi. Jibu? Patupu. Kumbe kwenye mipangilio ya WordPress kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji ziiruke websaiti. Mafundi hukiwekea tiki wakati wa ujenzi ili watu wasione kazi nusu nusu. Yule kijana alimaliza kazi, akasahau kuitoa. Miezi mitano duka limepambwa, mlango umefungwa kwa ndani!

Tiki ikatolewa. Websaiti ikasajiliwa Google Search Console, ambayo ni bure, na orodha ya kurasa zake ikapelekwa huko. Wiki chache baadaye ikaanza kuonekana, ila kwa aliyeandika jina kamili la nyumba yao ya wageni. Na nani analijua jina hilo zaidi ya wafuasi wake?

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Instagram mtu anakufuata kwa sababu umemvutia. Google mtu hakujui kabisa, anachojua ni shida yake: "guest house Mbamba Bay", "kutoka Songea kwenda Mbamba Bay", "bei ya chumba Nyasa". Maneno hayo yasipokuwepo kwenye ukurasa wako, Google itakuunganisha naye vipi? Ukurasa wa mbele wa dada huyu ulikuwa na kichwa "Home", picha zenye majina ya "IMG" na namba, na sentensi moja: "Karibu peponi." Pepo ipi, iko wilaya gani?

Wakakaa chini wakabadilisha. Kichwa kikawa "Vyumba vya kulala Mbamba Bay, Ziwa Nyasa". Kila picha ikapewa maelezo mafupi ya kinachoonekana. Picha zikapunguzwa uzito, maana Google huangalia toleo la simu, na mgeni mwenye mtandao wa kusuasua hangoji. Wakaweka pini Google Maps. Ukaandikwa ukurasa mzima wa safari: Songea hadi Mbinga, kisha lami ya kilomita 66 kushuka ziwani. Wakataja wilaya ya Nyasa na Mbinga pia, kwa kuwa Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 na wapo ambao bado wanatafuta kwa jina la zamani.

Kasheshe ikaja kwenye ukurasa wa Kiingereza. Wageni wengi wa nje hawaandiki Lake Nyasa, wanaandika Lake Malawi. Msumbiji nao wanaliita Niassa. Baba mtu, mzaliwa wa Liuli, aliposikia jina la Malawi linawekwa, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, ukiandika hivyo si umewapa ziwa?"

Mzee hakuwa anatania. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji. Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 na kusema mpaka ni ufukwe wa upande wetu. Kwa mtu aliyekulia kwenye ufukwe huo, jina si jambo la kuchezea.

"Baba, siandiki ziwa ni la nani. Namwelekeza mgeni anayelijua kwa jina lingine."

Mzee akakaa kimya muda mrefu, kisha akatoa sharti: Nyasa ikae juu, Malawi itajwe mara moja tu, chini. Wakaandika sentensi moja kwamba Lake Nyasa ndilo ambalo wageni wengi hulifahamu kama Lake Malawi. Bila kujua, mzee alikuwa amegusa kanuni halisi: kurudiarudia neno lile lile ili kuidanganya Google ni uchafu, na Google inaushusha ukurasa wa namna hiyo.

Kabla matokeo hayajaja, jamaa mmoja akaingia inbox: lipa laki tatu, uwe namba moja ndani ya wiki. Dada alikuwa ameshafungua M-Pesa. Binamu akamwonyesha maelezo ya Google wenyewe: hakuna anayeweza kukuhakikishia namba moja. Hela ikaenda kwenye kikoba.

Mgeni wa kwanza kutoka Google alipiga simu akiwa Iringa. "Nimesoma kwamba lami inafika mpaka huko, ni kweli?" Machweo hakuyauliza kabisa. Akachukua vyumba viwili, siku tatu. Sasa hivi mzee ndiye anayeuliza ukurasa wa kahawa utaandikwa lini.